Kutoka Kufuli hadi Kliniki: Mataifa Yalivyojifunza Kumtibu Mlevi

Leo tunazungumza juu ya pombe, lakini hatutahesabu hasara zake. Hasara hizo unazijua: karo iliyonywewa, unga uliokosekana jikoni, mtoto anayeshtuka kila mlango unapogongwa usiku. Leo tunauliza swali lingine. Mtu ambaye pombe imemshika, asiyeweza kuiacha hata anapotaka, hutibiwa vipi?

Swali hili si la nyumba yako peke yako, wala si la Kenya peke yake. Kwa zaidi ya miaka 200, nchi nyingi zimelitafutia jibu. Zilijaribu aibu, kufuli, sheria, dawa za siri, sindano na vikundi. Baadhi ya njia hizo ziliponya na nyingine ziliua. Tunasimulia historia hii kwa sababu makosa yaliyofanywa na serikali na madaktari wa mbali ndiyo yanayorudiwa hadi leo katika nyumba zetu. Ukiyajua, huna haja ya kuyapitia tena.

Ni tabia mbaya au ni ugonjwa?

Zamani, katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, mlevi alihesabiwa kuwa mtu mwenye dhambi au mvivu. Alifungwa jela, alitozwa faini, au aliachwa barabarani. Mwaka 1784, daktari mmoja wa Philadelphia, Marekani, aitwaye Benjamin Rush, aliandika kijitabu kuhusu madhara ya pombe kali. Alieleza kwamba mtu anayekunywa sana hufika mahali ambapo hiari yake imechukuliwa, na kwamba hali hiyo ni ya kushughulikiwa na daktari. Mwaka 1804, Thomas Trotter, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika kwamba ulevi ni ugonjwa wa akili. Kisha mwaka 1849, Magnus Huss wa Uswidi akaupa ugonjwa huu jina la kitaalamu ambalo madaktari wengi walilitumia baada yake.

Lakini kuupa ugonjwa jina si kuuponya. Rush mwenyewe alishauri mambo kama maji baridi na kumtoa mgonjwa damu. Leo hakuna daktari anayemtoa mlevi damu. Hata hivyo, jambo moja alilolisema limebaki kuwa kweli: mtu huyu ni mgonjwa, na mgonjwa hatukanwi mpaka apone.

Mwili uliozoea pombe

Mwaka 1813 daktari Mwingereza, Thomas Sutton, alieleza hali iliyowatisha watu wengi wakati huo. Mtu aliyekuwa akinywa kila siku, akiacha ghafla, alianza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo na kuweweseka. Wengi walikufa. Sutton aligundua kwamba waliotolewa damu walizidiwa, na waliopewa dawa ya kutuliza walipata nafuu zaidi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Fikiria watu wawili wanaosukumana, mmoja ndani ya mlango na mwingine nje. Pombe hulaza ubongo. Ubongo nao hujikaza ili usilale. Miezi na miaka ikipita, pombe inasukuma na ubongo unasukuma. Sasa mtu wa nje akiondoka ghafla, yule wa ndani huanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Ndivyo ubongo unavyofanya pombe inapokatwa kwa siku moja. Kutetemeka huanza katika saa chache tangu tone la mwisho. Kifafa kinaweza kuja kati ya saa 6 na saa 48. Kuweweseka kwa hatari huja zaidi kati ya siku ya pili na siku ya nne.

Tiba nzuri ya hali hii ilichelewa sana. Ni katika miaka ya 1960, baada ya kupatikana dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, ndipo hospitali ziliweza kumshusha mlevi polepole, siku kwa siku, bila kifafa. Dawa hizo hutolewa kwa muda mfupi na chini ya uangalizi, kwa kuwa nazo pia huzoeleka. Pamoja nazo mgonjwa hupewa vitamini B1, iitwayo tiamini, ili ubongo wake usiharibike.

Mama, hapa ndipo tunapokuomba usikilize kwa makini. Wapo jamaa wanaomfungia mlevi chumbani kwa siku tatu ili pombe imtoke. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini kama mtu huyo alikuwa akinywa kila siku, na asubuhi mikono yake hutetemeka mpaka azimue, chumba hicho chaweza kuwa kaburi lake. Tofauti na watu wengi wanavyodhani, kuacha pombe ghafla kunaweza kuua. Mtu kama huyo aachishwe pombe na mhudumu wa afya, si kwa kufuli.

Sheria na kambi

Serikali nazo zilikuwa na kufuli zake. Nchini Uswidi, daktari Ivan Bratt alibuni mpango wa daftari la pombe. Kila mtu aliyeruhusiwa alikuwa na daftari lake, na kiasi cha pombe kali alichonunua kiliandikwa humo. Wanawake walioolewa kwa kawaida hawakupewa daftari, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa la mume. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1955. Marekani ilikwenda mbali zaidi na kupiga pombe marufuku kabisa kuanzia 1920 hadi 1933. Unywaji ulipungua mwanzoni, lakini pombe ya magendo ikaenea, na watu wakafa kwa kunywa spiriti yenye sumu.

Umoja wa Kisovieti ulichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1967, mahakama ziliweza kumpeleka mlevi katika kambi ya matibabu na kazi hata kama hakuwa ametenda kosa la jinai. Alikaa huko hadi miaka miwili, akifanya kazi viwandani nyuma ya uzio. Mara nyingine jamaa zake ndio walioomba apelekwe. Urusi ilizifunga kambi hizo mwaka 1994.

Sisi Kenya pia tumepita njia hii. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga chang'aa marufuku, lakini chang'aa haikuisha. Ilijificha. Sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti ya leseni na usafi. Mwezi Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 80 katika kaunti mbalimbali, na wengine wakapofuka. Mwezi Julai 2015 ukaja msako mkubwa hasa katika eneo la Kati, na pombe nyingi ikamwagwa barabarani.

Hatusemi sheria hazina faida. Kupunguza vilabu karibu na shule, kuongeza ushuru na kukamata wauzaji wa sumu huokoa maisha, na huzuia vijana wasianze. Lakini sheria inayofunga kilabu haimtibu yule aliyekuwa akinywa ndani yake. Kilabu kikifungwa leo, yeye kesho asubuhi anatetemeka. Atatafuta pombe mahali pengine, hata ikiwa ya sumu, au ataanguka kifafa. Msako usiofuatiwa na matibabu ni nusu ya kazi.

Dawa ya siri

Njia nyingine iliyopendwa ni dawa ya siri. Karibu na mwaka 1880, daktari Leslie Keeley wa mji mdogo wa Dwight, Illinois, alitangaza kwamba ana tiba ya ulevi yenye dhahabu ndani yake. Wagonjwa walidungwa sindano mara nne kwa siku kwa muda wa majuma manne. Hakukubali kueleza mchanganyiko wa dawa hiyo, na madaktari wenzake walimshuku. Vituo vyake vilienea Marekani na nje ya Marekani, na maelfu ya watu walitibiwa humo.

Je, hakuna aliyepona? Wapo waliopona. Lakini angalia walichokipata zaidi ya sindano. Katika vituo hivyo mlevi alipokewa kama mgonjwa. Hakufungwa. Alikaa na wenzake, wakazungumza, na walipoondoka walianzisha vyama vyao vya kutiana moyo. Sindano imesahaulika, lakini ule ushirika tutauona tena muda si mrefu.

Katika miaka ya 1940, huko Copenhagen, Denmaki, watafiti wawili, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wakichunguza dawa iitwayo disulfiramu. Walitaka kujua kama inaweza kuua minyoo. Walizimeza wenyewe, na walipokunywa pombe wakaugua: uso ukawa mwekundu, moyo ukaenda mbio, kichefuchefu kikawashika. Wakatambua kwamba wamepata dawa ya kumfanya mtu aiogope pombe. Iliuzwa kwa jina la Antabuse. Mwanzoni madaktari waliwapa wagonjwa kiasi kikubwa, na baadhi yao wakafa. Kipimo kikapunguzwa. Leo dawa hii hutolewa kwa mtu aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na anayejua kitakachompata akinywa.

Neno hilo, "aliyekubali", ndilo tunalotaka ulishike. Kuna wanaouza unga au matone kwa wake na akina mama, wakisema, "Mtilie kwenye chai, hatajua." Usinunue. Hujui ni nini kilichomo. Na kama ni dawa ya jamii hii, mume au mwanao akipita kilabuni jioni bila kujua, anaweza kuanguka na kufa, na wewe ndiye uliyemtilia. Hata akipona, siku atakapogundua hatakula tena chakula chako kwa amani, wala hatakuamini unapomwambia twende hospitali.

Wawili waliokaa wakazungumza

Mwezi Juni 1935, katika mji wa Akron, Ohio, walevi wawili walianza kusaidiana. Mmoja alikuwa Bill Wilson, mfanyabiashara, na mwingine Bob Smith, daktari wa upasuaji. Waligundua kwamba mlevi anayezungumza na mlevi mwenzake hupata nguvu ambayo mahubiri ya watu wengine hayakumpa. Huo ndio mwanzo wa vikundi vya AA. Hakuna ada ya uanachama, na hakuna anayelazimishwa kutaja jina lake lote. Vikundi hivyo vipo katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo.

Nyumbani je? Wake wa watu hao walikuwa wakikaa jikoni wakingoja mikutano iishe, na wao walikuwa na vidonda vyao. Mwaka 1951, Lois Wilson, mke wa Bill, alisaidia kuanzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi. Humo mke, mama au mtoto hufundishwa kwamba hakuusababisha ulevi ule, na kwamba ana haki ya kutunza maisha yake mwenyewe hata kama mgonjwa bado anakunywa.

Nchi nyingine ziliivuta familia karibu zaidi. Japani, vyama vya kuacha pombe viliungana kitaifa mwaka 1963, na huko mke huketi mkutanoni pamoja na mumewe, wakitaja majina yao wazi. Mwaka 1964, mjini Zagreb, Kroatia, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Yugoslavia, daktari Vladimir Hudolin alianzisha kilabu ambamo familia nzima huhudhuria kila juma. Alisema ulevi umeingia nyumba nzima, basi tiba nayo iingie nyumba nzima. Vilabu vya namna hiyo vilienea hadi Italia.

Dawa za leo na maneno ya upole

Miaka ya karibuni imeleta dawa bora kuliko zile za kutisha. Akamprosati ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1989. Humsaidia aliyeacha pombe asiitamani sana. Naltreksoni iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya ulevi mwaka 1994. Hupunguza ule utamu unaomvuta mtu kwenye glasi ya pili na ya tatu. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa hizi mbili katika orodha yake ya dawa muhimu. Si kila hospitali inazo, lakini sasa unaweza kumuuliza daktari kwa majina yake.

Lakini mgonjwa atafikaje hospitalini ikiwa anasema hana shida? Mwaka 1983, mwanasaikolojia Mmarekani William Miller, baada ya kufanya kazi Norwe, aliandika juu ya njia ya kuzungumza na mlevi bila kubishana naye. Badala ya kumwambia "Unatuua," anaulizwa, "Wewe mwenyewe unaona pombe imekufikisha wapi?" Aligundua kwamba mtu akigombezwa hujitetea. Akiulizwa kwa heshima, mara nyingi sababu za kuacha hutoka kinywani mwake mwenyewe.

Mwaka 1999, Miller na wenzake katika jimbo la New Mexico walichapisha utafiti wa jamaa 130 wa walevi waliokataa matibabu. Kundi la kwanza lilifundishwa njia ya Al-Anon, ambayo lengo lake hasa ni kumtunza jamaa mwenyewe. La pili lilifundishwa kumkabili mlevi katika kikao cha familia. La tatu lilifundishwa kubadili mwenendo wa nyumbani kwa upole na msimamo. Katika kundi la kwanza, walevi 13 kwa kila 100 waliingia matibabu. Katika la pili, 30. Katika la tatu, 64. Waliowashawishi si askari wala wahubiri, ila wake, waume na wazazi waliofundishwa la kufanya.

Walifundishwa nini? Walifundishwa kumfurahia mgonjwa anapokuwa mzima: chakula cha moto, mazungumzo, kukaa na watoto. Akija amelewa, wasigombane naye, wajiondoe kwa utulivu. Wasimlipie deni la kilabu wala kumtungia uongo kwa mwajiri. Wapange mapema njia ya kujiokoa kama kuna vipigo. Na wangoje ile saa anayojuta, mara nyingi asubuhi, wamwambie kwa maneno machache mahali pa kupata msaada, wakiwa tayari kwenda naye.

Kenya nayo imechangia

Usidhani elimu hii yote ni ya wageni. Katika miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani lilipotafuta njia rahisi ya kumtambua mtu ambaye pombe inamdhuru, utafiti ulifanyika katika nchi 6: Australia, Bulgaria, Kenya, Marekani, Meksiko na Norwe. Matokeo yake ni maswali 10 yanayotumika leo ulimwenguni kote. Majibu ya wagonjwa wa Kenya yamo ndani ya msingi wake.

Tena, magharibi mwa Kenya, huko Eldoret, watafiti walijaribu tiba ya mazungumzo katika vikundi kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi na wanaokunywa pombe. Vikundi havikuongozwa na madaktari, bali na watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na mikutano ilikuwa 6 tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, kutoka kwa washiriki 614, yalionyesha kwamba waliohudhuria vikundi hivyo walipunguza pombe kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya kawaida ya afya. Kwa hivyo tiba nzuri haihitaji jengo la fahari.

Mambo ya kushika

1. Ulevi ni ugonjwa, na unaweza kumpata baba, mama au kijana. Kumtukana mgonjwa hakumponyi.

2. Anayekunywa kila siku, anayetetemeka asubuhi, au aliyewahi kuanguka kifafa, asikatishwe pombe ghafla nyumbani. Mpeleke kituo cha afya au hospitali ili ashushwe polepole.

3. Akiwa ameacha, kisha akatetemeka sana, akaona vitu visivyokuwepo, akachanganyikiwa au akaanguka kifafa, hiyo ni dharura. Mlaze ubavu, usimtie kitu chochote kinywani, usimwache peke yake, tafuta gari mara moja.

4. Usimpe mtu dawa kwa siri.

5. Akirudi kunywa baada ya kutibiwa, usiseme tiba imeshindwa. Ni kama mgonjwa wa pumu aliyebanwa tena. Mrudishe kliniki.

6. Kama kuna vipigo, usalama wako na wa watoto hutangulia. Upole hauna maana ya kuvumilia kupigwa. Namba ya bure ya kuripoti dhuluma za nyumbani ni 1195. Namba ya bure ya NACADA ya ushauri kuhusu pombe na dawa za kulevya ni 1192.

Ya kuzungumza katika kikundi chenu

Katika kijiji chetu, mlevi hutendewa vipi? Ni nani miongoni mwetu anayejua kituo cha karibu kinachomhudumia mgonjwa wa pombe? Tunaweza kumsaidia vipi mama mwenye mgonjwa nyumbani, ili asibaki peke yake?

Kwa leo tunakomea hapo. Ikiwa una mgonjwa wa namna hii, anza wiki hii kwa hatua moja ndogo: zungumza na muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii katika eneo lako, hata kama mgonjwa mwenyewe bado hajakubali.